Ng'ombe Saba Wasio na Mwenyewe

Dalali wa mahakama alifika kwangu asubuhi ya ukungu, Julai mwaka 2005, amevaa tai na mabuti ya mvua, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniamkia. "Shikamoo mama," alisema. Nikaitikia marahaba kabla sijajua kilichomleta. Hapo ndipo nilipokosea, maana ni vigumu kumfokea mtu ambaye umeshamwitikia marahaba. Hata hivyo nilijitahidi.

Jina lake alisema ni Joakimu. Alikuja na pikapu ya kukodi, dereva wake, mgambo mmoja mwenye rungu, na mtendaji wetu wa kijiji, Felician, aliyeletwa kuwa shahidi. Felician alikuwa na daftari lake la michango kwapani. Mtu huyo halali bila daftari lile.

"Wewe ndiye Letisia, dada yake Baltazar?" dalali aliniuliza.

"Inategemea Baltazar amefanya nini."

"Anadaiwa."

"Basi ndiye mimi, lakini yeye hayupo."

Baltazar ni mdogo wangu wa mwisho, na tangu biashara ziachiwe huru amezijaribu karibu zote. Ameuza mitumba. Amenunua vitunguu swaumu wiki moja kabla bei haijaanguka. Amefuga kuku wa kisasa, wakafa wote kwa baridi ya huku kwetu milimani. Kisha akaenda Babati, ambako ndiko makao ya mkoa mpya, akakuta vijana wanacheza puli mchana kutwa kwa shilingi mia mia, akarudi hana habari nyingine mdomoni. Alikopa laki tatu kwa tajiri mmoja wa kule, akanunua meza ya puli iliyokwishatumika, akaiweka senta ya Daudi. Ilifanya kazi miezi minne. Kitambaa kilipochanika na mipira ilipoanza kupungua, Baltazar aliondoka kwenda Mererani kutafuta madini, akaniachia meza sebuleni bila kuniuliza. Mimi naianikia maharage, na kuku wangu mmoja anaatamia kwenye tundu la pembeni.

Dalali alifungua faili. Kwenye fomu ya mkopo, mahali pa kutaja mali ya mkopaji, Baltazar alikuwa ameandika ng'ombe saba. Karani wa yule tajiri aliwahi kuja kuhakikisha. Alisimama barabarani, akawahesabu kwa kidole kupitia uzio wa zizi langu, akaridhika, akaenda zake. Hakuingia hata kuuliza ni wa nani.

"Kwa hiyo tumekuja kuwachukua," alisema dalali, kwa upole kabisa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu kwa kawaida halielezwi. Watu wa huku hawaweki ng'ombe wao wote nyumbani. Mwenye watano anaweka wawili kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, mwingine kwa mtu wa tarafa nyingine kabisa, ili ugonjwa ukiingia usiwakute pamoja. Na ili ndugu wa kuomba wasiwakute pamoja, na kusema kweli, ili serikali nayo isiwakute pamoja. Anayetunza anapata maziwa na samadi, ndama ni wa mwenyewe. Na anayetunza anafunga mdomo. Ukitaja mwenye ng'ombe, hutapewa ng'ombe tena mpaka unazikwa.

Mimi nilirudi kwa baba baada ya mume wangu kufariki, nina miaka thelathini na tatu na sanduku moja. Nyumba ilikuwa ya baba, shamba la kaka zangu, hata panga nililokatia kuni lilikuwa la Baltazar. Watu wakaanza kuniwekea ng'ombe kidogo kidogo, kwa sababu nina mdomo mkali kwa kila jambo isipokuwa hilo. Katika wale saba, sita walikuwa wa watu. Wa saba, mtamba mwekundu, alikuwa wangu. Alinipa Gidabuday wa Gitting, mfugaji wa uwanda wa Hanang, baada ya kumtunzia ng'ombe wake miaka minane. Alikuja na fimbo yake, akamwonyesha kwa kidole, akasema, "Huyu wako," akanywa maziwa akaondoka. Hakuna karatasi wala shahidi. Ni kitu cha kwanza kuwa changu tangu nizaliwe, na sikumwambia mtu yeyote.

Sikumwambia mtu kwa sababu ya mchango. Machi ile mkutano wa kijiji ulikuwa umepitisha kujenga sekondari ya kata: kila kaya elfu tano, na kwa kila ng'ombe elfu mbili juu yake. Felician aliita jina moja moja akiandika. Siku hiyo kijiji chetu kilikuwa maskini sana. Wazee waliosindikizwa na harufu ya zizi mpaka mlangoni pa ofisi walisimama wakaapa hawana hata mkia. Na mimi nikasimama nikasema, "Sina ng'ombe, natunza wa watu," nikatia sahihi.

Basi nikamwambia dalali, "Ng'ombe hawa si wa Baltazar. Wala si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa watu."

"Watu gani?"

"Wenyewe."

Joakimu alimgeukia mtendaji akaomba lile daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole. Kisha akasema, "Mama, kwa mujibu wa kitabu hiki, kijiji kizima hakina mtu mwenye ng'ombe. Hapa kuna ng'ombe saba. Aliyejiandika kuwa na ng'ombe ni mmoja tu, Baltazar. Sasa mimi nifikiri nini?"

Niliona hasira inapanda na nikashindwa kuiweka mahali, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nikaamua kuihamishia kwenye gharama.

"Nisomee deni," nilisema.

Deni lilikuwa laki tatu. Gharama zilikuwa laki mbili na elfu sitini. Nilimwambia asome taratibu, na kila alichosoma nikamsimamisha. Notisi tatu, elfu kumi na tano kila moja. Nikamwambia anionyeshe nakala hata ya moja, kwa kuwa mlangoni kwangu halijabandikwa kitu isipokuwa kalenda ya parokia. Akapekua faili mpaka chini, akatoa risiti ya chipsi.

"Notisi tutazifuta," alisema.

"Mafuta kutoka Babati, elfu sitini," nikasoma mwenyewe. "Lakini pikapu hii naijua. Ni ya Mbulu mjini, jana ilibeba viti vya harusi."

Dereva akaangalia pembeni. Ikawa elfu kumi na tano.

"Kumtafuta mdaiwa Mererani, siku mbili, elfu themanini. Ulimpata?"

"Hapana, mama."

"Sasa unanidai pesa ya kutokumpata?"

"Kutafuta ni kazi."

"Hata mimi namtafuta, na silipwi."

Akaikata nusu, nikamkazia macho, akaikata yote. Ulinzi, elfu ishirini: nikamwonyesha mgambo, ambaye alikuwa ameegemea ghala langu amefumba macho. Chakula cha maafisa, elfu thelathini: nikamwuliza makande wanayokula wakati huo yametoka kwa nani, maana nilikuwa nimeshawapakulia. Siwezi kumwacha mgeni na njaa hata kama amekuja kunifilisi, ndivyo nilivyolelewa, na inaniuma. Ulinzi na chakula vikafutwa, ikabaki bila kuguswa gharama ya kupakia ng'ombe, elfu ishirini na tano.

"Hii siikati," Joakimu alisema akifuta mdomo, "kwa sababu sasa tunapakia."

Kufikia hapo watu walikuwa wameshaanza kupita njiani kwangu. Hakuna aliyekuja. Walipita tu. Mama Marieta, kiongozi wa kwaya, alipita na jembe akienda juu, akapita na jembe akirudi chini, akapita tena akienda juu, na shamba lake liko upande mwingine kabisa. Mzee Qamara, ambaye ana miaka karibu themanini na ndiye aliyeapa kwa sauti kuu kuliko wote kwenye mkutano, alisimama kwenye uzio akiwa amejifunika blanketi, akasema anapumzisha goti.

Mgambo alianza na jike jeusi. Akamvisha kamba, akavuta.

"Usimvute shingo," Mzee Qamara alisema kutoka kwenye uzio. "Huyo anaongozwa kwa mluzi."

Dalali akageuka. "Mzee, shikamoo. Umejuaje?"

"Marahaba. Ng'ombe weusi wote wako hivyo."

"Na mguu wa nyuma wa kushoto msiuguse," mzee akaendelea, "una kidonda. Nakisia."

Jike jeusi lilikuwa limeshaisikia sauti yake. Lilimburuta mgambo mpaka kwenye uzio, likatoa kichwa, likaanza kumlamba mzee blanketi, kisha shingo, kisha sikio, mbele ya serikali. Mzee Qamara alijitahidi kutazama mbali kama asiyehusika. Alivumilia sikio la kwanza. Kwenye sikio la pili akasema, "Basi, basi. Ni wangu."

Felician alifungua daftari haraka mno. "Mzee Qamara, ng'ombe mmoja, elfu mbili. Na faini ya kudanganya mkutano, elfu tano."

"Andika," mzee alisema kwa uchungu, "nawe Mungu akuandike."

Mama Marieta alipoona hivyo aliweka jembe chini. Wawili wa mabaka, mama na mtoto, walikuwa wake. Aliwaficha kwangu miaka minne kwa sababu mumewe angewanywa. Alisema kwa sauti ya chini sana, na Felician aliporudia kwa sauti ya mkutanoni, "Mama Marieta, ng'ombe wawili," akamwambia, "Mtendaji, andika polepole. Mume wangu yuko kilabuni na sauti yako inafika."

Wengine wawili walikuwa wa Gidabuday, na hao hawakuhitaji mtu. Mgambo aliyashika masikio yao akaona yalivyochanjwa. "Afande, hawa ni wa Hanang," alisema. Joakimu alifikiri kidogo. Hati yake ilikuwa ya wilaya ya Mbulu. Angetaka ng'ombe wa Hanang angehitaji barua nyingine, mhuri mwingine na mtendaji mwingine, na nadhani alikumbuka pia nilivyofanya na gharama. Akawafungua.

Likabaki dume jeupe na mtamba wangu.

Dume lile lilikuwa zuri kuliko ng'ombe yeyote tarafani, na hakuna aliyelidai. Dalali aliuliza mara tatu. Ukungu ulikuwa bado umetanda na baridi inauma, lakini Felician alikuwa akijifuta jasho.

"Pandisha huyu," Joakimu alisema.

"Kisheria," Felician akasema, akakohoa. "Kisheria, dume huwa halikamatwi. Linahudumia wananchi."

"Sheria namba ngapi?"

"Ni ya zamani."

"Pandisha."

Dume lilipofikishwa kwenye pikapu, mtendaji wa kijiji aliacha daftari likaanguka matopeni na kulishika mkia. Alishika tu, na dume likavuta, naye akaburutwa hatua tatu na viatu vyake vya ofisini. Watu wote waliokuwa wakipita waliacha kupita. Mama Marieta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijua siku zote ni lake, ndiye aliyelileta usiku akiwa mtendaji wa mwezi mmoja tu, lakini nilifunga mdomo kama ilivyo ada. Sasa ilibidi aseme mwenyewe.

"Ni langu," alisema akiwa bado ameshika.

Mzee Qamara akaokota daftari, akalipangusa kwa blanketi, na kwa kuwa yeye hajui kuandika akampa Mama Marieta. "Mwandike vizuri," alisema. "Felician, mtendaji, dume moja, elfu mbili. Na faini ya kudanganya mkutano. Nafikiri kwa mtendaji iwe mara mbili." Ikaandikwa mara mbili.

Nilikuwa nacheka na wenzangu. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilikuwa nacheka, nimeshika mbavu, wakati Joakimu alipochukua daftari mkononi mwa Mama Marieta, akatembea mpaka kwa mtamba wangu mwekundu, na kuuliza, "Na huyu?"

"Huyo ni wangu," nilisema.

Akafungua ukurasa. "Letisia. Hana ng'ombe, anatunza wa watu. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Nilidanganya."

"Asubuhi pia uliniambia hawa si wako. Mtendaji alisikia."

"Nilidanganya pia."

"Aliyekupa nani?"

"Gidabuday wa Gitting."

"Yuko wapi?"

"Gitting. Au malishoni. Hana simu."

"Nani mwingine anajua?"

Niliangalia watu kwenye uzio. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimeficha kuliko wote, na vizuri kuliko wote, hata Mzee Qamara ambaye ng'ombe wake alikuwa akilala ubavuni kwa wangu alinitazama kwa mshangao wa kweli. Joakimu hakuwa mtu mbaya. Alinieleza taratibu kwamba amekuwa akisikia uongo tangu saa mbili asubuhi, kwamba ng'ombe yuko kwenye zizi la baba yake Baltazar, kwamba Baltazar ameandika ana ng'ombe na mimi nimeandika sina. Angerudi Babati bila ng'ombe hata mmoja, tajiri asingemwelewa. "Ukimpata huyo Gidabuday, lete ushahidi mahakamani," alisema. "Ila mnada ni Jumamosi." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mgambo alimvisha kamba. Mtamba wangu hakuwahi kuvishwa kamba, alikuwa ananifuata tu. Nilishika ile kamba upande wa pili, na mgambo akavuta, nami nikavuta, na mdomo wangu ambao haujawahi kuniishia ukaniishia. Nilitaka kutukana nikakosa hata tusi. Niliogopa. Sikuogopa umaskini, huo nimeuzoea. Niliogopa kurudi kuwa mtu ambaye hana kitu hata kimoja cha kuita changu, na safari hii kwa sahihi yangu mwenyewe.

"Huyo naye ni wangu."

Alikuwa Mzee Qamara. Alikuwa amejitoa kwenye uzio, amesimama bila kushika popote.

"Mzee," Felician alisema, "si ulisema mmoja?"

"Nilisema mmoja kwa sababu ulikuwa unaandika. Sasa nimekumbuka mwingine."

"Itakuwa elfu mbili nyingine. Na faini."

"Nimesikia."

Joakimu akafunga faili akaishika kifuani. "Yule mweusi alikulamba, mzee, tukaona. Huyu je? Mwite."

Mgambo akalegeza kamba, nami nikaiachia. Mzee Qamara alipiga mluzi. Mtamba hakugeuka. Akapiga tena, wa juu zaidi, mpaka meno yake machache yakaingia hewa akakohoa. Mtamba aligeuka sasa, akatembea mbele ya watu wote, akampita mzee bila kumtazama, akaja kunikwangua mgongo wa mkono kwa ulimi.

Nilimchukia yule mtamba kwa muda kidogo.

"Anamfuata anayemlisha," mzee akasema. "Watoto wangu nao wako vivyo hivyo."

"Nilikuwepo siku mzee alipomleta," Mama Marieta alisema, ambaye hakuwepo.

"Hata mimi," mgambo akasema. Huyu mpaka leo sijui kilichompata. Baadaye aliniambia ni makande.

Dalali akamtazama mtendaji. Felician, mwenye tope mpaka magotini, aliangalia mtamba, akaangalia dume lake, akaniangalia mimi. Akasema, "Nashuhudia kama serikali ya kijiji." Akaandika: Mzee Qamara, ng'ombe wawili.

Joakimu alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu dakika nzima. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama Baltazar ana kitu chochote hapa duniani ambacho hakuna mwingine anayekidai. Nikamfungulia sebule. Meza ya puli ilibebwa na watu wanane, maana ndani yake kuna jiwe, na wote walikuwa wale waliokuwa wakipita. Kuku alikataa kushuka. Tulibishana kama kuku ni sehemu ya mali iliyokamatwa, nami nikasema mayai kumi na moja hayamo kwenye hati, na mwishowe Mama Marieta alimtoa kwa kitenge, naye akamdonoa dalali wakati akipita. Zile elfu ishirini na tano za kupakia ng'ombe nilizikata mwenyewe kwa kalamu yangu. Deni la Baltazar lilibaki la Baltazar, pungufu ya meza.

"Asante kwa makande, mama," Joakimu alisema akipanda gari.

"Karibu tena," nilimjibu kwa mazoea, kisha nikajilaumu wiki nzima.

Mzee Qamara alikwenda nyumbani kwake bila kuniambia kitu. Nilimwangalia akishuka na goti lake mpaka ukungu ukamficha, nikamsubiri ageuke, hakugeuka.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza upya. Kwetu mtu akisema ng'ombe ni wake mbele ya watu, na mwenye zizi akanyamaza, basi ni wake. Mimi nilinyamaza. Kulikuwa na mtendaji, kulikuwa na mashahidi, na shahidi mmoja alikuwa wa serikali. Mzee alilipa elfu kumi na nne za mchango na faini, kwa mafungu, akilalamika kila fungu mpaka kanisani. Nilitaka kumrudishia elfu saba ya mtamba nikashindwa, kwa sababu kumrudishia ni kumwuliza. Na ukimwuliza mzee kama atakudhulumu, umeshamtukana, na kama hakuwa na wazo hilo utakuwa umempa. Nikatunza. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Nililala vibaya, nikawafokea watu wasio na hatia, padri akiwa mmojawapo.

Oktoba mtamba wangu alizaa. Jike, jekundu vile vile, alfajiri.

Ng'ombe wa kutunza akizaa, unapeleka taarifa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, pamoja na maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano. Huko ndiko kumtambua mwenye ng'ombe. Nilikamua kibuyu kikajaa, nikakaa nacho jikoni mpaka jua likatoka. Nisipopeleka nimeiba, nikipeleka nimekubali. Mwishowe nikasema kama nitampoteza, nimpoteze nikiwa mtu mwaminifu angalau mara moja mwaka huu, nikabeba kibuyu nikaenda.

Nilimkuta Mzee Qamara uani akiota jua, na wanawe wawili wakubwa wameketi naye, watu wazima wenye wake na mahitaji. Ningegeuka, lakini walishaniona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona umekunja uso?"

"Nimeleta taarifa." Sauti yangu ilitoka ndogo. "Yule mwekundu amezaa. Jike."

Wana wakatazamana. Niliona wazi furaha inavyowaingia, na sikuwalaumu, ndama jike ni ndama jike. Mkubwa wao akasema, "Kumbe, baba, Mungu mkubwa."

Mzee akanyoosha mkono, nikampa kibuyu. Akakifungua, akanusa, akakitikisa kidogo sikioni. Kisha akakifunga.

"Mimi nina ng'ombe mmoja," alisema. "Mweusi. Mwaka huu hajazaa."

"Baba," yule mwana alisema, "umelipia wawili. Mtendaji ameandika."

"Nimelipia. Sikusema ninao." Akanirudishia kibuyu, akakisukuma mpaka kikagusa kifua changu. "Maziwa haya hunywewa na mwenye ng'ombe. Umeyaleta nyumba ambayo siyo."

Nikaanza kusema asante. Akaniambia nisimpigie kelele, nirudi haraka, ndama wangu bado hajakauka na upepo ni mkali.

Nilitembea mpaka pale njia inapokata kona, ambapo hawawezi kuniona, nikakaa kwenye jiwe nikalia, mwanamke wa miaka arobaini na sita, kwa kwikwi. Kisha nikafungua kibuyu nikanywa yote.